Hita ya Dizeli Kuukuu Haipashi? Dashibodi Iache Kwanza

Baridi ya Juni hadi Agosti ikishika Mbulu na Hanang, mafundi hupokea lalamiko lilelile kutoka kwa wenye magari kuukuu ya dizeli: hita inapuliza upepo wa vuguvugu, na kioo cha mbele kinajaa ukungu. Hilo la kioo ndilo linalonisukuma kuandika. Alfajiri barabara ya Dongobesh au ya Katesh ina ng'ombe, bodaboda na watoto wa shule, na dereva anayefuta kioo kwa kitambaa huku anaendesha hawaoni vizuri. Mafundi wengi hukimbilia kufungua dashibodi. Mimi nasema dashibodi iachwe kwanza, kwa kuwa kwenye magari haya chanzo mara nyingi kiko chini ya boneti: themostati iliyotolewa miaka iliyopita na haikurudishwa.

Hita haina moto wake, inatumia joto la maji ya injini. Kazi ya themostati ni kuyazuia maji hayo yasiende kwenye rejeta mpaka yapate moto, kwa injini nyingi karibu nyuzi 82. Ikitolewa, maji huanza kupozwa tangu injini inapowashwa. Kwa dizeli hasara ni kubwa zaidi, maana injini ikizunguka gari likiwa limesimama inachoma mafuta kidogo sana huku ikivuta hewa baridi tele, na hewa hiyo inatoka na joto kwenye ekzosi. Ndiyo maana kuliacha gari linaunguruma uani nusu saa hakuleti joto la maana. Tazama geji ya joto ukiwa njiani. Kama mshale unapanda na hita inapasha wakati gari linakwea mlima Magara, halafu ukifika juu kwenye tambarare mshale unashuka na upepo unapoa, hapo sihitaji ushahidi mwingine wa kunipeleka kwenye themostati.

Najua jibu la mafundi: nchi yetu ni ya joto, themostati inachemsha gari. Wengine wana hoja nzito zaidi, kwamba huku juu maji huwahi kuchemka. Ni kweli. Mbulu mjini ni zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji ya sufuria huchemka karibu nyuzi 94. Lakini dawa ya hilo ni mfuniko wa rejeta wenye springi na mpira mzima, unaobana maji yasichemke mapema. Tena, kwenye injini nyingi za Toyota themostati ina kisahani cha pili kinachofunga njia ya mkato maji yakishapata moto. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, na sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Gari lililobeba mzigo linaweza kuchemka mlimani kwa sababu hiyohiyo ya kutolewa themostati. Wanaoziba rejeta kwa boksi badala ya kurudisha themostati wanapata joto kweli, ila boksi halijui kujifungua gari likianza kukwea.

Themostati kuukuu ipime kabla ya kuitupa: itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, uchemshe. Ya nyuzi 82 itaanza kufunguka kabla maji hayajachemka. Isipofunguka yote usiilaumu, kwa sababu nyingi hufunguka kabisa karibu na nyuzi 95, na maji ya Mbulu hayafiki huko.

Kama themostati ipo na ni nzima, washa hita hadi mwisho, injini ipate moto, kisha shika mipira miwili inayoingia kwenye hita, ukiiepuka feni na mikanda. Yote miwili ikiwa ya moto, maji yanafika. Tafuta shida kwenye waya wa kufungulia joto au vumbi lililoziba mapezi. Mmoja wa moto na mwingine baridi, koki ya hita imefunga au rejeta ndogo ya hita imeziba kwa kutu, jambo la kawaida kwa gari linalotiwa maji ya mtoni badala ya kulanti. Ioshe kwa mpira wa bustani, taratibu, pande zote mbili. Na angalia kama mipira hiyo inafika kwenye hita kweli, maana hita ikivuja wapo wanaoiunganisha mipira yenyewe kwa yenyewe na kumwacha mwenye gari na swichi isiyo na kazi.

Mipira yote ikiwa vuguvugu wakati geji iko katikati, maji yamepungua au kuna hewa. Subiri injini ipoe kabisa ndipo ufungue mfuniko, egesha pua ya gari ikitazama mlimani, fungua hita, jaza polepole huku injini ikizunguka mpaka mapovu yaishe. Yasipoisha, acha habari ya hita: huenda gasketi ya silinda hedi imeungua, na safari ya Babati isubiri.