Neno ‘Haya’ katika Majaribio ya Hulka ya Waajiri

Makala hii inadai kuwa jaribio la hulka apewalo mwomba kazi ni, kabla ya jambo lolote, matini ya lugha. Mwaka 1936, wanasaikolojia wa Marekani Gordon Allport na Henry Odbert waliipekua kamusi kubwa ya Webster, wakakusanya takriban maneno 18,000 ya Kiingereza yanayotofautisha watu. Watafiti waliofuata waliyachuja maneno ya aina hiyo hadi zikapatikana sifa kuu tano zinazopimwa sana leo, uangalifu na uchangamfu zikiwamo. (Kiswahili huibebesha tabia viungo vya mwili, kama katika ‘mkono wa birika’, upekuzi wa neno mojamoja ungeyaacha mengi.)

Majaribio haya si ya kupuuzwa. Mwaka 1991, Murray Barrick na Michael Mount walilinganisha tafiti nyingi, wakaona kuwa uangalifu ulihusiana na utendaji bora katika makundi yote ya kazi waliyoyachunguza, ijapokuwa kwa kiasi kidogo. Uchangamfu ulihusiana na kazi za umeneja na uuzaji.

Tatizo limo katika huo uchangamfu. Chukulia kauli inayomtaka mtahiniwa aseme iwapo huona haya mbele ya watu asiowajua. Akikubali, hupunguziwa alama. Lakini katika Kiswahili haya ni sehemu ya adabu. Asiye nayo huambiwa ana macho makavu, na hilo ni tusi. Binti aliyelelewa Lamu anapojibu ‘ndiyo’, huenda anayataja malezi yake wala si woga, na huyohuyo akimkabili mteja dukani hatoki mikono mitupu. Mwongozo wa kusahihishia hauijui tofauti hiyo. Nafasi ya uuzaji humponyoka kwa nomino moja.

Kuihakiki tafsiri kwa kuirudisha katika Kiingereza hakuigundui kasoro hii: ‘haya’ litarudi kuwa neno lilelile la mwanzo, na mhakiki ataridhika. Kuweka ‘woga’ badala yake kunaleta hofu isiyokusudiwa. Afadhali mfasiri aliache jina la sifa, aeleze tendo: ‘Hunichukua muda kuanza kuzungumza na nisiyemjua.’ Kauli hiyo nayo ijaribiwe kwanza kwa wasemaji wa Lamu na wa Kakamega pia, kwani si lazima kimya mbele ya mgeni kiwe na uzito uleule kote Kiswahili kinakozungumzwa.