Lami Hukauka au Hupoa? Vitenzi vya Barabara Mpya katika Kiswahili

Utangulizi

Barabara inapotandazwa lami mpya, wapita njia husikika wakisema kuwa magari hayana budi kusubiri hadi "lami ikauke". Kauli hii imezoeleka kiasi kwamba ni nadra kuitilia shaka. Hata hivyo, ikichunguzwa kwa makini, inabainika kuwa kitenzi kukauka hubeba dhana isiyolingana na linalotendeka katika lami ya aina iliyo maarufu zaidi. Kukauka ni kupoteza maji au umajimaji: nguo hukauka kambani, kisima hukauka kiangazi, mahindi hukauka juani. Lami moto haina maji ya kupoteza.

Makala haya yanajadili namna lami mbalimbali zinavyofikia hali ya kubeba magari, na yanashikilia kuwa Kiswahili tayari kina vitenzi vya kutofautisha hali hizo, mradi visitumiwe kiholela. Suala lenyewe si la wanaisimu pekee. Msimamizi anayeambiwa asubiri barabara "ikauke" na mwenzake anayeambiwa asubiri "ipoe" hawatatazama kitu kimoja: wa kwanza atatazama mawingu, wa pili atachukua kipimajoto.

Lami moto na kitenzi kupoa

Kwanza, neno lenyewe. Katika mazungumzo ya kila siku, lami ni ile gundi nzito nyeusi inayopatikana mafuta ghafi yanaposafishwa, ambayo wahandisi huiita bitumeni. Lami vilevile ni ule mchanganyiko wa bitumeni na mawe unaotandazwa barabarani. (Ipo hata maana ya tatu, yaani barabara yenyewe, kama mtu anaposema kuwa kwao lami haijafika.) Utata huu umechangia mkanganyo mwingi. Katika mchanganyiko wa barabarani bitumeni ni takriban asilimia 5 tu ya uzito. Sehemu iliyosalia ni kokoto, mchanga na vumbi la mawe. Ni hiyo asilimia 5 inayoamua barabara itafunguliwa lini.

Bitumeni haina kiwango kimoja cha kuyeyuka jinsi barafu ilivyo nacho. Hulainika kidogo kidogo kadiri inavyopata joto, na hukazana kidogo kidogo kadiri inavyopoa. Mtamboni mchanganyiko hupashwa hadi nyuzijoto 150 au zaidi za Selsiasi ili bitumeni iwe nyepesi na kuivika kila kokoto. Malori huusafirisha ukiwa umefunikwa kwa turubai, mashine huutandaza, na rola hufuata nyuma kuushindilia. Kuanzia hapo wakati ni adui. Joto likishuka hadi nyuzi 80 hivi, bitumeni huwa imekaza mno. Rola hupita juu yake bila kuibana, na pengine huzivunja kokoto. Ushindiliaji mzuri huacha nafasi za hewa zisizozidi asilimia 7 au 8 ya ujazo. Nafasi zikizidi hapo, maji hupata njia ya kupenya, na barabara ambayo ingedumu miaka mingi huanza kumeguka mapema.

Wanafunzi wa fasihi simulizi hupenda kutaja methali zinazopingana: Haraka haraka haina baraka kwa upande mmoja, na Ngoja ngoja huumiza matumbo kwa upande wa pili. Mafundi wa lami huzitii zote mbili siku moja. Kabla rola haijamaliza kazi, anayekawia huharibu; rola ikishaondoka, anayeharakisha ndiye mharibifu.

Baada ya kushindiliwa, barabara husubiri joto liendelee kushuka. Kanuni inayotumika sana ni kutoruhusu magari kabla joto halijapungua chini ya nyuzi 60, na palipo na jua kali au malori mazito ni heri kusubiri hadi 50. Muda unaohitajika hutegemea mambo kadhaa. Muhimu zaidi ni unene: tabaka lililo nene maradufu huhitaji zaidi ya muda maradufu, kwa sababu joto la kiini halina budi kusafiri mbali zaidi kabla ya kutoka. Upepo husaidia, na ubaridi wa tabaka la chini pia. Kwa hiyo lami inayotandazwa Nairobi asubuhi ya Julai hupoa upesi kuliko ile ya Garissa mchana wa Machi, ambako jua pekee laweza kuupasha uso mweusi wa barabara hadi karibu na nyuzi 60. Mara nyingi saa chache hutosha. Kwa tabaka nene chini ya jua, hata usiku mzima. Kipimo cha kiganja, kinachopendwa na wengi, hudanganya, maana uso hupoa kabla ya kiini.

Kwa nini isiwe mapema? Bitumeni ya aina ya 60/70, iliyotumika sana katika ukanda huu, hupewa jina hilo kutokana na kipimo cha sindano: sindano yenye uzito wa gramu 100 huachwa izame kwa sekunde 5 katika joto la nyuzi 25, nayo huzama kati ya milimita 6 na 7. Bitumeni hiyo huanza kulegea ikikaribia nyuzi 50. Juu ya kiwango hicho barabara hushikiliwa zaidi na kokoto zilizobanana kuliko na gundi yenyewe, na tairi la lori huzisukuma kokoto hizo kando. Mifereji ya magurudumu hutokea hivyo. Lori linalopanda mlima polepole hudhuru zaidi kuliko linalopita kasi, kwani hukandamiza mahali pamoja kwa muda mrefu. Hali kadhalika, pikipiki ya bodaboda iliyoegeshwa juu ya lami changa huzamisha stendi yake ilhali basi lililopita hapo halikuacha alama: uzito wake ni mdogo, lakini umekusanyika kwenye ncha ndogo na hauondoki.

Ajabu ya vitu vya jamii hii ilidhihirishwa katika Chuo Kikuu cha Queensland, Australia. Mnamo 1927 Profesa Thomas Parnell alianzisha jaribio la kutia lami ngumu ndani ya faneli. Ukiigonga kwa nyundo hupasuka kama kioo, lakini hutiririka: kufikia 2014 matone tisa tu yalikuwa yameanguka. Kitu cha aina hii "kukauka" ni vigumu hata kukidhania.

Lami baridi na kitenzi kukauka

Kukauka nako kuna mahali pake. Ipo bitumeni inayozimuliwa kwa mafuta taa ili iweze kunyunyizwa. Baada ya kunyunyizwa, mafuta hayo hutoweka hewani na gundi hubaki. Ipo pia emalsheni, ambamo chembe ndogo za bitumeni zimeelea ndani ya maji. Emalsheni huwa ya kahawia inaponyunyizwa. Chembe zinapoungana na kujitenga na maji, rangi hugeuka kuwa nyeusi. Wahandisi husema kuwa emalsheni "imevunjika", istilahi inayomshtua asiyeizoea, kwa sababu kuvunjika huku ni habari njema. Baada ya hapo maji huondoka, na hilo ndilo kukauka kwa maana halisi.

Hapa ndipo uteuzi wa kitenzi unapokuwa na gharama. Mvua ikinyesha juu ya emalsheni ambayo haijavunjika, huisomba hadi mtaroni, na kazi ya siku hupotea. Mvua hiyo hiyo ikinyesha juu ya lami moto iliyokwisha kushindiliwa, huipoza tu. Anayetumia kukauka kwa zote mbili atazuia magari bure baada ya mvua kwenye lami moto, kisha ayaruhusu mchana mkavu wenye jua, wakati ule ule barabara ilipo laini.

Saruji ni kinyume kabisa. Hugumu kwa kuungana na maji kikemikali, na fundi huimwagilia kwa siku kadhaa ili isikauke. Lugha ya Kiingereza huzikusanya hali hizi zote chini ya kitenzi kimoja ambacho pia humaanisha kuponya, na mfasiri anayekifuata huishia kuandika kuwa barabara "inatibiwa". Hakuna haja. Lami moto hupoa, emalsheni huvunjika kisha hukauka, saruji hushika.

Lakini hata lami iliyopoa haijakamilika. Kwa miezi na miaka bitumeni huungana na oksijeni ya hewani na kuzidi kuwa ngumu. Mwanzoni ugumu huo huisaidia barabara kustahimili malori. Baadaye huinyima unyumbufu, rangi hufifia kuwa kijivu, na nyufa hutokea. Mafundi na wafasiri huenda wakakiita kipindi hicho cha mwanzo kukomaa, na kile cha mwisho kuzeeka, ingawa mpaka baina ya viwili hivyo hakuna kipimajoto kinachouonyesha.