Trekta ya Mtumba ya Kufunga Nyasi: Kagua Klachi Kwanza

Anayenunua trekta ya kulima huuliza kwanza ina nguvu farasi ngapi. Wewe unayetaka kufunga nyasi kavu, uliza kwanza kuhusu klachi. Mashine ndogo ya marobota ya pembe nne, yale ya kilo 12 hadi 15 yanayouzwa kote Bonde la Ufa, haivutwi tu. Inaendeshwa na shafti ya PTO iliyo nyuma ya trekta, na shafti hiyo inatakiwa izunguke mara 540 kwa dakika, trekta iwe inatembea, imepunguza mwendo au imesimama kabisa.

Shida huanzia kwenye nyasi zenyewe. Mstari wa boma rodes uliokusanywa na reki haulingani: hapa umekuwa mwembamba, pale umerundikana. Ukifika kwenye lundo unataka magurudumu yasimame huku mashine ikiendelea kumeza. Trekta ya klachi moja haikupi nafasi hiyo. Ukikanyaga, magurudumu na PTO vinakata pamoja; mashine inabaki imebanwa, na ukiachia, bolti ya usalama inakatika. Kinachofuata ni kuchomoa nyasi kwa mikono juani. Kwa trekta kongwe kama Ferguson TE20 hali ni mbaya zaidi, kwa sababu gurudumu zito la mashine huendelea kuzunguka na kuisukuma trekta mbele kupitia gia boksi, hata kama umekanyaga klachi. Karibu na mtaro hilo si jambo la mzaha.

Kwa hiyo, kabla hujataja bei, fanya jaribio hili. Hakikisha hakuna mtu karibu na shafti, hasa mwenye nguo inayopepea. Washa PTO, weka gia ya chini, acha trekta itembee. Kanyaga klachi nusu: magurudumu yasimame, shafti iendelee kuzunguka. Kanyaga hadi mwisho: shafti nayo isimame. Hiyo ndiyo klachi ya hatua mbili, nayo inatosha. Ikiwa PTO ina mkono wake wa kuiwasha na kuizima bila kugusa klachi, umepata bora zaidi. Usitegemee namba ya modeli iliyobandikwa ubavuni. Massey Ferguson 135, iliyotengenezwa kati ya 1964 na 1975, ilitoka ya klachi moja na ya klachi mbili pia.

Sasa tuje kwenye nguvu. Mashine ndogo huhitaji takriban nguvu farasi 35 kwenye PTO, na MF 135 nzima hutoa 37 hivi. Kwa hesabu hiyo inafaa. Lakini injini ya dizeli isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda kutoka usawa wa bahari. Ol Kalou iko juu ya mita 2,300, kwa hiyo 37 ile inashuka chini ya 30, na kwenye mwinuko utaisikia ikilia. Mkulima wa Nyandarua au Molo atafute MF 165, Ford 5000 au MF 375. Wa nyanda za chini, mwenye shamba tambarare, anaweza kuishi na 135 au 240.

Hata hivyo, usikimbilie kubwa kuliko zote. Trekta kubwa za hapa kwetu nyingi zimevuta plau za disiki kwenye ngano na mahindi tangu zishuke melini, na uchovu wake hauonekani kwenye rangi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na siku hizi kibaya kinapakwa rangi nyekundu kwanza. Mita ya saa pia hubadilishwa kirahisi. Tazama pedali zilivyolika, kisha shika meno ya shafti ya PTO kwa vidole. Yakiwa yamechongoka kama ya msumeno, imefanya kazi nyingi kuliko unavyoambiwa.

Mwambie muuzaji mapema asiiwashe kabla hujafika. Ukikuta injini ina joto, rudi siku nyingine. Ikiwaka baridi, moshi mweupe wa muda mfupi si neno. Wa buluu usioisha ni oili inayoungua, na hapo ringi au silinda zimechoka. Fungua kifuniko cha oili injini ikinguruma uone kama inapumua moshi kwa nguvu. Oili ya gia boksi iliyogeuka kama maziwa imeingiliwa na maji. Kisha omba ifanye kazi ya kweli kwa saa nzima na mashine ya PTO, hata ya kukodi, kwa sababu klachi ya PTO inayoteleza hujificha hadi ipate mzigo na joto. Kuitengeneza ni kuitenganisha trekta katikati. Mwenye kukataa jaribio hilo amekwisha kukujibu.

Kuna kasoro za kuvumilia. Nyasi hufungwa ardhi ikiwa kavu, hivyo tairi zilizolika meno si tatizo kubwa. Zilizopasuka ubavuni ndizo za kuogopa. Haidroliki dhaifu haitaizuia mashine ya kuvutwa kufunga, ila itakusumbua ukitaka trekta hiyo hiyo ibebe mashine ya kukata. Breki hazina msamaha.

Karatasi ni jambo fupi: fanya utafutaji wa umiliki NTSA, na namba ya chasisi kwenye logbook ilingane na ile ya chuma.

Ukipata 165 yenye rangi iliyobabuka, klachi ya hatua mbili inayoshika na injini inayowaka baridi, iache ile 375 iliyong'arishwa ya klachi inayoteleza, hata kama bei zimelingana.