KELELE KATIKA SAUTI YA KOMPYUTA: ZATOKA WAPI?

Mtu akisikia mvumo au mikwaruzo wakati kompyuta inapopiga muziki wa kiwango cha juu, neno lake la kwanza mara nyingi ni hili: "Mashine hii mbovu, inunuliwe nyingine." Mwingine hulaumu faili lenyewe. Hivyo fedha za wazazi zaweza kutumika bure, maana kelele nyingi hutoka katika nyaya na mipangilio tu. Kila kelele ina sauti yake, na mwenye kuisikiliza vizuri kabla ya kugusa kitu aweza kujua inaingilia wapi.

Kwanza yafaa tujue hicho kiwango cha juu ni nini. Kompyuta haihifadhi sauti kwa mfereji uliochongwa kama santuri. Huipima sauti mara nyingi kila sekunde na kuandika kila kipimo kwa tarakimu. Diski za CD, zilizoanza kuuzwa mwaka 1982, zina vipimo 44,100 kwa sekunde, kila kimoja cha biti 16, yaani ngazi 65,536. Faili la kiwango cha juu laweza kuwa na vipimo 96,000 kwa sekunde, vya biti 24, yaani ngazi 16,777,216. Zidisha 96,000 kwa 24, kisha kwa 2 kwa sababu ya spika ya kushoto na ya kulia, utapata biti 4,608,000 kila sekunde. CD hutoa 1,411,200. Kazi ya kompyuta basi imezidi mara tatu, na kila kipimo hapana budi kifike kwa wakati wake.

Hapo ndipo itokapo kelele ya kwanza: milio ya "ta! ta!" isiyo na mpango, au sauti kukatika. Kompyuta huweka akiba ndogo ya vipimo, kama mtu ajazaye pipa kwa ndoo huku bomba la chini likitoa maji bila kukoma. Ikishughulika na jambo jingine, pipa hukauka kwa kitambo kidogo sana, nalo sikio husikia mlio. Dawa ni kufunga programu nyingine, kuongeza akiba katika mipangilio ya programu ya muziki, na kuchomeka kigeuza sauti cha USB moja kwa moja katika kompyuta badala ya kukipitisha katika kigawanyo chenye vitu vingine. Tazama pia kiwango kilichopangwa katika Windows. Faili likiwa la 96,000 na mipangilio ikisema 48,000, sauti hubadilishwa njiani. Kwa kawaida hakuna asikiaye tofauti, lakini vifaa visipopatana mikwaruzo hutokea. Piga wimbo ule ule katika kiwango cha CD. Milio ikiisha, kosa li katika kazi hii ya tarakimu.

Mvumo mzito usiokoma ni jambo jingine kabisa, nao ndio usumbuao zaidi katika kumbi. Umeme wa kwetu Afrika Mashariki huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na mvumo ule ni umeme huo huo unaosikika, kwa mitetemo 50 au 100. Huingiaje? Tuseme kompyuta imechomekwa karibu na jukwaa, na amplifaya imechomekwa upande wa pili wa ukumbi. Kila kimoja kina waya wake wa ardhi. Tukiviunganisha kwa waya wa sauti, tumefunga mzunguko: ardhini, amplifaya, waya wa sauti, kompyuta, na ardhini tena. Umeme kidogo hupita humo, na amplifaya, isiyojua kubagua, huukuza pamoja na muziki.

Ili kuhakikisha, chomoa chaja ya kompyuta ya mkononi uiendeshe kwa betri. Mvumo ukinyamaza, mzunguko umepatikana. Chomeka vyombo vyote katika ekstensheni moja, mradi usiilemeze. Isipotosha, transfoma ndogo ya kutenga sauti hukata mzunguko, na hata waya wa nuru, ulioletwa na kampuni ya Toshiba mwaka 1983, hufaa sana ikiwa vyombo vyako vina tundu lake, kwa kuwa nuru haichukui umeme.

Wako watu wanaomaliza mvumo kwa kuvunja pini ya ardhi ya plagi au kukata waya wake. Ni kweli, mvumo huisha. Lakini siku waya wa moto utakapogusa bati la amplifaya, umeme wa volti 230 hautakuwa na njia ya kwenda ardhini ila mwili wa yule atakayeligusa, pengine mwimbaji aliyeshika maikrofoni. Jambo hili lisifanywe hata kwa dakika moja.

Kelele nyembamba kama ya mbu, ibadilikayo kipanya kinaposogezwa, hutoka katika vyombo vya ndani ya kompyuta. Kigeuza sauti cha nje husaidia. Mchakacho kama wa mvua ya mbali husababishwa mara nyingi na kufungua amplifaya mno huku sauti ya kompyuta iko chini. Pandisha ya kompyuta, punguza ya amplifaya. Na mlio wa "trr-trr" wa ghafula ni wa simu ya mtandao wa 2G, irushayo mawimbi kwa vipande vipatavyo 217 kila sekunde. Sisi wanafunzi hatuna simu bwenini, ila wageni wa heshima wa viti vya mbele wanazo.

Unapotafuta, badili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, na ushushe amplifaya kabla ya kuchomoa waya wowote, la sivyo mshindo waweza kuharibu spika.

Imebaki kelele iliyomo katika wimbo wenyewe. Hii hutokea kila mara katika sekunde ile ile, hata ukisikiliza kwa hedifoni katika kompyuta nyingine. Kaseti ya zamani iliyonakiliwa kwa biti 24 huja na mchakacho wake wote, na programu za kuusafisha huondoa pia sehemu ya muziki.