Wajibu wa Wajumbe wa Halmashauri Juu ya Fedha za Chama

Vyama vya kusaidia watu ni vingi katika Kenya: vya kutunza mayatima, vya kulipia watoto karo, vya kujenga zahanati na kuchimba visima. Kila chama kina halmashauri yake, na ukiwauliza wajumbe ni nani anayeangalia fedha, wengi watakuonyesha mtu mmoja, yaani Mweka Hazina. Hapo ndipo shida inapoanzia. Mweka Hazina huzitunza fedha na kuziandika, lakini dhamana ya fedha hizo ni ya halmashauri nzima. Zikipotea, au zikitumiwa kwa kazi isiyo yake, wote watatakiwa kujibu, hata yule aliyekuwa akisinzia kila mara hesabu ziliposomwa.

Sheria ya Vyama ya Kenya yavitaka vyama vilivyoandikishwa viwe na vitabu vya hesabu, tena hesabu hizo ziletwe mbele ya wanachama katika mkutano mkuu, angalau mara moja kwa mwaka. Mashirika ya manufaa ya umma yana sheria yake, iliyopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika tarehe 14 Mei, 2024, badala ya ile ya mwaka 1990. Mjumbe anayesema “mimi sikujua” hajajibu neno, kwa kuwa alichaguliwa ili ajue.

Twafahamu kwamba watu wengi huona haya kuuliza. Mweka Hazina huenda akawa mzee anayeheshimiwa, au mwalimu aliyewafundisha wajumbe wenyewe, na kumwomba daftari huonekana kama kumwita mwizi. Lakini daftari lisilotazamwa na mtu humdhuru Mweka Hazina mwaminifu kabla ya mtu mwingine yeyote. Siku uvumi utakapozuka kijijini hatakuwa na shahidi. Yafaa basi kuangalia hesabu kuwe desturi ya kila mkutano, wakati ambapo hakuna anayeshukiwa, wala isingojewe mpaka maneno yaanze.

Sasa, mjumbe asiyesomea uhasibu aangalie nini? Tuseme chama chaendesha shule ndogo ya chekechea. Mwisho wa mwezi kitabu cha fedha chaonyesha Sh. 371,500, na taarifa ya benki yaonyesha Sh. 412,000. Hesabu hizi mbili hazilingani, na mjumbe asishtuke, wala asinyamaze. Na aulize sababu. Ajibiwa kwamba kuna hundi mbili za jumla ya Sh. 43,000, ambazo waliopewa hawajazipeleka benki. Ukiziondoa katika zile 412,000 zabaki 369,000. Tena benki imekata Sh. 2,500 za ada, nazo hazijaandikwa kitabuni. Ukiziondoa katika zile 371,500 zabaki 369,000. Hesabu zimekutana. Kazi hii haichukui nusu saa, na mtu yeyote ajuaye kujumlisha na kutoa aweza kuifuata. Sharti moja ni kwamba taarifa ya benki iwe yenyewe kama ilivyotoka benki, wala si mambo yaliyonakiliwa kwa mkono katika karatasi nyingine. Fedha zinazopokewa kwa simu ziangaliwe kwa njia iyo hiyo, na nambari ya kupokelea iwe imeandikishwa kwa jina la chama. Nambari ya simu ya mtu binafsi haifai, hata akiwa mtu mwema namna gani, kwa maana huwezi kutenganisha michango ya shule na fedha zake za nyumbani.

Lakini kazi haijaisha. Halmashauri ile yaona kwamba ina Sh. 369,000, nayo yafurahi, na mjumbe mmoja ashauri vinunuliwe viti na meza mpya. Hapa yampasa mtu aulize swali ambalo husahauliwa kuliko yote: katika fedha hizi, zipi ni zetu za kutumia tupendavyo? Huenda Sh. 300,000 zilitolewa na mfadhili kwa ajili ya tangi la maji. Hizo zina kazi yake, na kuzinunulia viti ni kuvunja ahadi. Zilizobaki ni Sh. 69,000. Ikiwa mishahara ya walimu na mpishi ni Sh. 55,000 kwa mwezi, basi chama hiki kilichodhaniwa kuwa tajiri chaweza kulipa mishahara ya mwezi mmoja tu, na zitakazobaki hazitoshi mishahara ya mwezi wa pili. Hakuna aliyeiba hata senti, ila watoto waweza kukuta mlango wa shule umefungwa.

Jambo hili halivipati vyama vidogo peke yake. Huko London kulikuwa na shirika lililoitwa Kids Company, lililoanzishwa mwaka 1996 kusaidia watoto na vijana wenye dhiki. Lilisifiwa sana, nalo likapewa na serikali ya Uingereza zaidi ya pauni milioni 40 katika miaka yake yote. Lakini kila mwaka liliendelea kuongeza kazi bila kujiwekea akiba ya kutosha. Katika mwezi wa Agosti 2015 lilifungwa, muda mfupi baada ya kupokea pauni milioni 3 nyingine. Mahakama Kuu mwaka 2021 ilikataa kuwapiga marufuku wajumbe wake wasiongoze makampuni, ikisema kwamba hawakuwa watu wasiofaa. Na ni haki kulitaja jambo hilo. Hata hivyo, mwaka 2022 tume inayosimamia mashirika ya hisani huko ilisema kwamba usimamizi ulikuwa na kasoro, maana mara nyingi wafanyakazi na wadai wengine hawakulipwa kwa wakati. Wajumbe wale walikuwa watu wenye elimu na sifa. Taabu yao ilikuwa ya namna ile ile ya shule yetu ya chekechea: fedha nyingi zilipita mikononi mwao, na zilizobaki zilikuwa chache.

Kuna desturi moja mbaya ambayo yafaa ikomeshwe kabisa. Benki hutaka sahihi za watu wawili katika hundi, ili mmoja amwangalie mwenziwe. Basi Mwenyekiti ana safari, naye, ili asichelewesha kazi, atia sahihi yake katika hundi tano tupu na kumwachia Mweka Hazina. Sahihi mbili zimekuwa moja, na ulinzi umekwisha. Mwenye kutia sahihi na aone kwanza hati ya malipo na bei ya kitu, na ikiwa hayupo, atafutwe mjumbe wa tatu aliyekubaliwa na benki.

Wengine hutegemea mkaguzi wa hesabu. Mkaguzi ni lazima kwa vyama vingi, lakini huja mambo yakiwa yamekwisha tendeka, naye huchagua baadhi tu ya malipo ya kuyachunguza. Asiwe ndugu wa Mweka Hazina. Na barua anayoiandika mwishoni, ya kuonyesha makosa aliyoyaona, isomwe kwa sauti mbele ya halmashauri yote na kuandikwa katika kumbukumbu za mkutano. Twajua vyama ambavyo barua hiyo hukaa katika mkoba wa Mwenyekiti mpaka mkaguzi arudipo mwaka unaofuata na kuandika maneno yale yale.

Mweka Hazina anapotoka katika kazi, vitabu, stakabadhi na funguo za sanduku zikabidhiwe mbele ya wajumbe wawili, kila kitu kikihesabiwa, na wote watie sahihi. Siku iyo hiyo benki iandikiwe kuondoa sahihi yake, na nambari ya siri ya simu ya chama ibadilishwe.