Kivinjari Kinatosha: Namna ya Kuanza Kutengeneza Kurasa za Wavuti Zinazojibu

Anayetaka kujifunza kutengeneza kurasa za wavuti zinazojibu, zile ambazo ukibonyeza kitufe kitu kinatokea papo hapo, hukutana kwanza na orodha ndefu ya majina ya zana: React, Vue, Angular, Node na mengine mengi. Kabla hajaandika mstari wake wa kwanza ameshaambiwa asakinishe hiki, afungue akaunti kule, achague kati ya hili na lile. Ushauri wangu ni kwamba aviache vyote kwa sasa. Kivinjari ambacho tayari kimo kwenye kompyuta yake, pamoja na programu ya kawaida ya kuandikia maandishi kama Notepad, vinamtosha kabisa kuanzia. Sisemi hivi kwa kubana matumizi tu. Nasema hivi kwa sababu mambo ya msingi ambayo lazima ayaelewe yanaonekana wazi zaidi pale ambapo hakuna kitu kinachoyaficha.

Mambo hayo si mengi. Tovuti ya kwanza, aliyoitengeneza Tim Berners-Lee katika kituo cha utafiti cha CERN na kufunguliwa kwa umma mwaka 1991, ilikuwa ya kusoma tu: maandishi na viungo. Kurasa zilianza kujibu baada ya Brendan Eich, aliyekuwa akifanya kazi Netscape, kuandika toleo la awali la JavaScript kwa takriban siku 10 mwezi Mei 1995. Leo kazi imegawanyika hivi: HTML inajenga ukurasa, CSS inaupa sura, na JavaScript inausikiliza mkono wa mtumiaji. Kusikiliza huko kuna hatua nne. Subiri tukio, kama vile kubonyezwa kwa kitufe, soma alichoandika mtumiaji, kokotoa, kisha andika jibu kwenye ukurasa. Kikokotoo, fomu ya kujisajili na mchezo wa kadi vyote hupita njia hiyo hiyo. Aliyeielewa kwa dhati ameuelewa ufundi wenyewe, na kilichobaki ni kuupanua.

Kwa zoezi la kwanza napendekeza kitu ambacho jibu lake unalijua kichwani, ili mashine ikikosea ugundue mara moja. Kwetu kipo kilicho tayari: kugeuza saa ya mfumo wa saa 24 kuwa saa ya Kiswahili. Hesabu yake ni fupi. Chukua saa, ongeza 6, gawanya kwa 12, shika baki. Saba inakuwa 13, baki ni 1, nayo ndiyo saa moja asubuhi. Andika faili liitwe saa.html, lenye kisanduku cha kuandikia chenye utambulisho (id) "saa", kitufe chenye utambulisho "geuza" na aya tupu yenye utambulisho "jibu". Mwishoni kabisa mwa ukurasa, ndani ya tagi ya script, weka mistari hii:

const kitufe = document.querySelector("#geuza");
kitufe.addEventListener("click", function () {
  const saa = document.querySelector("#saa").value;
  const jibu = (saa + 6) % 12;
  document.querySelector("#jibu").textContent = "Saa " + jibu;
});

Hifadhi, bofya faili mara mbili, nalo litafunguka kwenye kivinjari bila seva wala bando. Andika 7, bonyeza kitufe. Ukurasa utajibu "Saa 4". Jibu si sahihi, na mistari hiyo nimeiacha hivyo makusudi, maana somo lenyewe limo humo. Kinachotoka kwenye kisanduku ni maandishi hata kama kinafanana na namba. JavaScript ikikutana na maandishi na alama ya kujumlisha, huunganisha badala ya kujumlisha: "7" na 6 vinakuwa "76". Kisha 76 ikigawanywa kwa 12 baki ni 4. Hakuna onyo wala maandishi mekundu. Dawa ni kuizungushia sehemu inayosoma kisanduku, yaani document.querySelector("#saa").value, neno Number na mabano, ili maandishi yageuzwe kuwa namba. Ukisharekebisha, jaribu 18: utaona "Saa 0", kwa hiyo ongeza sharti kwamba baki ikiwa sifuri iandikwe 12. Kisha acha kisanduku kitupu ubonyeze. Ukurasa utasema "Saa 6" bila wasiwasi, kwa kuwa Number huhesabu maandishi matupu kuwa sifuri. Ndani ya zoezi moja dogo umekutana na aina za data, masharti na ukaguzi wa kinachoingizwa, tena kila kimoja kimekuja kwa sababu ulikihitaji.

Hatua inayofuata ni kuongeza wakati wa siku: asubuhi, mchana, alasiri, jioni, usiku. Hapa utagundua kwamba ugumu wa kuprogramu mara nyingi hauko kwenye lugha ya kompyuta. Saa 16 ni saa kumi alasiri au saa kumi jioni? Watu wawili wanaweza kutofautiana na wote wakaeleweka, lakini kompyuta haikubali utata huo. Lazima wewe uamue mpaka uko wapi na uuandike. Baada ya hapo ongeza dakika, kataa namba iliyozidi 23, na mwisho kabisa ndipo utumie CSS kuupamba. Katika kila hatua bonyeza F12 ufungue konsoli, sehemu ambayo vivinjari vingi vya kompyuta huonyesha makosa na mstari yalipotokea. Tumia console.log kuchungulia thamani iliyomo kabla hujaanza kukisia.

Pingamizi la kwanza ni la ajira: waajiri wanataka React, kwa nini kupoteza muda? Ni kweli matangazo mengi ya kazi huitaja. Lakini tazama umri wa vitu hivi. jQuery ilitoka mwaka 2006 ikatawala. AngularJS ilitoka 2010 na kufikia mwanzoni mwa 2022 Google ilikuwa imekwishaacha kuihudumia. React yenyewe ilitolewa hadharani mwaka 2013. Wakati huo wote addEventListener, iliyoingia kwenye viwango vya W3C mwaka 2000, imeendelea kufanya kazi ile ile. Vivinjari hukwepa sana kuvunja kurasa za zamani, ndiyo maana kasoro ya "76" haijaondolewa, na ndiyo maana pia ulichojifunza hakichachi. Isitoshe, React ni JavaScript. Anayeianza bila msingi hujifunza mambo mawili kwa pamoja, na likitokea kosa hajui ni la lipi.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: akili mnemba inaandika msimbo wote huu kwa sekunde chache. Nakubali, na sioni ubaya kuitumia kuuliza maswali. Ila rudi kwenye "Saa 4". Msimbo ule ulifanya kazi, haukulalamika, na ulidanganya. Asiyejua tofauti ya maandishi na namba hana namna ya kuutilia shaka, awe ameuandika mwenyewe au ameandikiwa. Kadiri msimbo unavyopatikana kwa urahisi, ndivyo uwezo wa kuusoma na kuukagua unavyopanda thamani.

Lipo pia suala la lugha na vifaa. Maneno ya JavaScript ni ya Kiingereza, lakini ya kuanzia ni machache, na majina unayoyatunga wewe yanaweza kuwa ya Kiswahili kama hapo juu. Kuhusu kifaa sitapamba ukweli: kwenye simu unaweza kuanza, kwa programu za kuandikia msimbo au tovuti kama CodePen, ila kuandika mabano na nukta-mkato kwa kidole ni kazi ya kuchosha, na konsoli haipatikani kirahisi. Ukiweza kuazima kompyuta hata kuukuu, azima. Kazi hii haidai mashine yenye nguvu.

Kwa hiyo usianze kwa kuchagua maktaba ya msimbo kama React. Anza na faili moja, kitufe kimoja na jibu unaloweza kulihakiki kichwani. Usihamie zoezi la pili mpaka uweze kueleza kila mstari wa la kwanza, ukiwemo ule uliokuletea saa nne badala ya saa moja.