MAS-ALA YA KAMBA KOCHE: KUMUUA KWA IHSANI KABLA YA KUMPIKA

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Katika miji ya pwani mtu hununua kamba koche hai kwa mvuvi, akamchukua nyumbani, na maji yachemkapo chunguni akamtumbukiza angali akipiga mkia. Afanyaye hivi haoni neno, kwa kuwa amesikia tangu chuoni ya kwamba kiumbe cha baharini hakichinjwi. Alilosikia ni kweli. Lakini hapa yamechanganywa mambo mawili: uhalali wa nyama, na adabu ya kuua. Yapasa yapambanuliwe.

MAS-ALA YA KWANZA. Je, kamba koche ni halali bila ya kuchinjwa?

Jawabu: Ni halali. Mwenyezi Mungu amehalalisha windo la bahari katika Sura ya Al-Maida, aya ya 96, na Mtume (s.a.w.) amefundisha ya kuwa bahari maji yake ni tohara na mfu wake ni halali. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba viumbe visivyoishi ila majini huingia katika jina la samaki, hata visipokuwa na sura ya samaki. Basi kwa sababu yoyote afayo kamba koche, nyama yake haiharimiki.

MAS-ALA YA PILI. Nini hukumu ya kumtia hai katika maji ya moto?

Jawabu: Wanazuoni wamelizungumza hili katika samaki akaangwaye hai katika mafuta yachemkayo. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, amelitaja katika Raudha: Sheikh Abu Hamid alisema haijuzu, kwa kuwa ni kumtesa, na kwa kauli ya wasioharamisha kummeza samaki hai, hili nalo lajuzu. Basi haifai kumwita ndugu Mwislamu fasiki kwa jambo lenye khitilafu. Lakini kujuzu si kupendeza. Huko kummeza samaki hai, ambako ruhusa hii imejengwa juu yake, ni makuruhi. Na kutoka katika khitilafu ni jambo lipendezalo.

Tena Nawawi ametaja ya kuwa kumchinja samaki ni makuruhi, ila akiwa mkubwa ambaye uhai wake hurefuka. Huyo hupendeza kuchinjwa ili apumzishwe. Na kamba koche akiwekwa katika ubichi hukaa saa nyingi nje ya maji. Huko si kuishi nchi kavu, bali ni kufa polepole. Basi kumharakishia kwafuata sababu hiyo hiyo.

Na msingi wa yote ni Hadithi ya Shaddad bin Aus aliyoipokea Imamu Muslim, nayo ni ya 17 katika Arubaini ya Nawawi. Maana yake ni kuwa ihsani imewajibishwa katika kila kitu, hata katika kuua. Na mwenye kuchinja anoe kisu chake na ampumzishe mnyama wake.

MAS-ALA YA TATU. Wako wasemao kamba hana sauti wala damu, basi haumii. Je, ni kweli?

Jawabu: Kutolia si hoja. Kamba koche hana koo la kulilia. Ule mkwaruzo usikikao ashikwapo hutoka katika mashina ya pembe zake ndefu. Damu anayo, ila si nyekundu. Mwaka 2021 wataalamu wa chuo cha London School of Economics walipitia tafiti zaidi ya 300, wakaona dalili zenye nguvu kwamba kamba na kaa huhisi. Na mwaka 2022 sharia ya Uingereza ikawahesabu miongoni mwa wanyama wenye kuhisi. Uswisi imekataza tangu tarehe 1 Machi 2018 kuwachemsha hai bila ya kuwapoteza fahamu kwanza. Haielekei watu wa Hadithi ya ihsani wawe nyuma katika jambo hili.

MAS-ALA YA NNE. Auawe vipi nyumbani?

Jawabu: Kwanza apozwe. Atiwe katika chombo chenye barafu iliyopondwa na maji ya bahari, au maji yaliyotiwa chumvi nyingi, afunikwe na barafu kwa muda usiopungua dakika 20. Mkubwa huhitaji zaidi. Akiguswa macho na miguu asitikisike, amekwisha kupoteza fahamu.

Kisha alazwe chali juu ya ubao, na kisu kiwe kizito na kikali. Kamba hana ubongo mmoja kama wa mbuzi. Mishipa yake ya fahamu ina mafundo mengi, yaliyopangika kwa urefu upande wa tumbo. Kwa hiyo kumchoma kichwani peke yake hakutoshi. Kisu kianze kati ya miguu, karibu na mkia ungapo na kifua, kipasue katikati kuelekea kichwani. Hapo hapo kigeuzwe kipasue kuelekea mkiani. Yote yatimie kwa haraka, bila ya kusitasita. Miguu ikitikisika kidogo baadaye, hiyo ni misuli tu.

TANBIHI. Asitiwe hai katika maji matamu, kwani hayo humtesa kiumbe wa chumvi. Asinyofolewe mkia angali hai, wala asiachwe juani. Na kwa kuwa nyama yake huharibika upesi, auawe wakati chungu kiko tayari. Haraka hiyo ndiyo iliyowafanya watu wamchemshe hai, na kisu chaitosheleza.

KHATIMA. Aliyemnunua asiseme kuwa hayo ni ya jikoni. Yeye ndiye mchunga wa nyumba yake, na kila mchunga ataulizwa. Basi na anoe kisu mwenyewe, au amfundishe apikaye, na watoto waone ya kuwa babao huwahurumia hata wasio na sauti. Wallahu aalam.